Muchungwa uliogeuka ndimu haiko uchawi: yale ambayo mwenye shamba anapaswa kujua mbele ya kupanda

Katika parsele nyingi za Beni, Butembo, Bukavu na Uvira, kuko muchungwa mumoja ao miwili nyuma ya nyumba, na kila jirani anajua ni wa nani. Kisha siku moja jambo la ajabu linatokea. Muti ulionunuliwa kama muchungwa, ukanyweshewa maji miaka mine, unatoa matunda ya kwanza, na kumbe ni ndimu: ngozi ya makunyanzi, kali hata watoto hawaiokote. Wengine wanacheka. Wengine wanaanza kuuliza ni nani aliingia mu lupango usiku. Na huku kwetu, neno la namna hiyo likishatoka mudomoni halirudi vyepesi. Wamama wazee walishafukuzwa mu vijiji kwa sababu ya mambo madogo kuliko hayo.

Lakini hilo jambo liko na maelezo, tena mafupi.

Muchungwa unaouzwa ku pepinyeri hauko muti mumoja, ni miti miwili. Chini kuko mizizi na shina la muti mumoja, juu kuko matawi ya muti mwingine, na viliunganishwa kwa kisu. Ndiyo kugrefa. Mara nyingi shina la chini ni la ndimu ya makunyanzi. Pengine ni la mandarina ya aina ya Cleopatra, ao la sitranje, muti ambao watu walizalisha kwa kuchanganya chungwa na muti mwingine wa jamaa yake. Mwenye pepinyeri anapanda mbegu ya ile ndimu, anangoja shina lifikie unene wa kalamu. Wakati wa mvua, ganda linapobanduka vizuri, analipasua kwa umbo la herufi T, sentimita 20 mpaka 30 juu ya udongo. Pale anaingiza jicho moja lililotolewa ku muchungwa unaozaa vizuri, anafunga na kamba ya plastiki. Kisha juma tatu hivi anafungua. Kama jicho lingali kijani, limeshika. Anakata kichwa cha ndimu, jicho linaota, na muchungwa unasimama juu ya miguu ya ndimu.

Sasa, ile ndimu haikufa. Iko pale chini inangoja. Mbuzi ikikula kichwa cha muche, ao jembe ikiukata, ao jua ya kiangazi ikiukausha, sehemu ya chungwa inakufa na shina la chini linatoa matawi yake. Yanaota kwa nguvu, yako na miiba mirefu, yanapendeza macho. Mwenye parsele anashukuru Mungu kwamba muti umefufuka. Miaka mitatu mbele, ndimu.

Kuzuia hilo hakuombe feza. Kila mwezi mutu ainame, atafute kovu la kugrefa (iko kama kifundo ao kona kidogo ku shina), na kila kichipukizi kinachotoka chini ya lile kovu akingoe na mukono kingali laini. Kwa sitranje hata mutoto anaweza kuvitambua, sababu majani yake yanakaa matatu-matatu pamoja. Na kama muti umeshageuka ndimu mzima-mzima, haulazimishwi kukatwa: shina liko na mizizi yenye nguvu, mutu anayejua kugrefa anaweza kuweka jicho jipya la chungwa juu ya tawi moja changa, kisha kuondoa yale mengine.

Juu ya nini hatupande mbegu tu?

Wazazi wetu wengi walipanda mbegu, na machungwa yao yalikuwa matamu. Hilo ni kweli, na sababu yake inajulikana. Mbegu nyingi za chungwa na mandarina zinatoa mimea inayofanana kabisa na mama, haiko kama avoka ambayo kila mbegu inaleta muti wa tabia yake. Tena magonjwa makubwa ya michungwa kwa kawaida hayapite mu mbegu.

Shida ni wakati na mizizi. Muchungwa wa mbegu unakuwa murefu, unajaa miiba, na unaweza kumaliza miaka 7 mpaka 10 mbele ya kuzaa kitu cha kupeleka ku soko. Ule wa kugrefa unaanza kisha miaka 3 ao 4. Mutu anayetegemea muti ili alipe masomo ya watoto, hiyo tofauti ni kubwa: ni mutoto mumoja ambaye amemaliza shule ya musingi mbele muti haujatoa hata kikapo kimoja. Tena mizizi ya chungwa tamu iko zaifu mbele ya ugonjwa wa kuoza shina, na udongo wetu unanyeshewa sana.

Lakini kugrefa pia kuko na hatari yake, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza feza bila kujua. Jicho likitolewa ku muti mugonjwa, ugonjwa unahama pamoja nalo. Muti mumoja mugonjwa unaweza kutoa majicho mamia, na mamia ya parsele yatapokea miche mizuri ya kijani ambayo tayari iko na kifo ndani.

Hadisi ya ugonjwa unaoitwa tristeza inafundisha. Jina hilo linamaanisha huzuni kwa Kireno na Kiispanyola. Katika miaka ya 1930 na 1940 uliua mamilioni ya miti ya machungwa kule Brezili na Arjentina. Wakulima wa kule walikuwa wamegrefa karibu yote juu ya shina la chungwa chungu. Virusi hiyo, inayobebwa na vidudu vyeusi vidogo vinavyonyonya majani machanga, inaharibu mahali pale shina la chungwa chungu linapounganika na chungwa tamu, na muti unakauka kwa gafula ukiwa na matunda yake juu. Virusi na vidudu vyake viko huku Afrika pia. Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye pepinyeri haiko bei, ni hili: chini kuko shina gani? Kama ni chungwa chungu, bora kuacha. Ndimu ya makunyanzi, Cleopatra na sitranje vinavumilia tristeza.

Swali la pili: majicho yalitoka wapi, na ule muti mama unaweza kuonekana? Mutu wa pepinyeri mwenye kazi ya kweli hataona haya kuuonyesha. Miche inayopita mu barabara juu ya moto, bila mutu kujua ilitoka kilima gani, ni kamari. Inchi iko na SENASEM, idara ya taifa inayohusika na mbegu, ambayo kazi yake ni kukagua na kutoa hati. Na INERA, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, liko na kituo pale Mulungu, katika wilaya ya Kabare, Kivu ya Kusini. Kuuliza huko mbele ya kununua miche mia moja kunagharimu safari moja tu.

Rangi ya kijani haiko kosa

Katika masoko ya mulimani, watu wanazarau machungwa ya Uvira na ya bonde la Ruzizi kwa sababu yanabaki kijani. Wanasema yalichumwa mabichi. Mara nyingi haiko kweli. Chungwa linapata rangi ya manjano kwa sababu ya baridi ya usiku, haiko kwa sababu ya utamu. Uvira, ambayo iko karibu mita 800 juu ya bahari, usiku haupoe vya kutosha, kwa hiyo tunda linaiva ndani huku ngozi ingali kijani. Bukavu, karibu mita 1,500, ao Butembo, zaidi ya mita 1,700, rangi inatokea vizuri, lakini tunda linachelewa na linabakiza ukali. Ndiyo maana chungwa lenye kupendeza macho pengine linakunja uso wa mwenye kulikula.

Jambo lingine ambalo wachuuzi wanapaswa kukumbuka: ndizi na avoka zinaendelea kuiva nyumbani, chungwa hapana. Siku linapochumwa, utamu wake umesimama pale. Kuchuma mapema ili kuwahi soko ni kuuza ukali, na muteja hatarudi.

Mahali kiangazi iko moja, kama Uvira, muti unapumzika wakati wa jua, mvua ikirudi unachanua kwa wingi, na machungwa yanakuja yote pamoja kisha miezi nane, kenda hivi. Kila mutu anakuwa nayo, bei inaanguka. Ndimu inachanua mara nyingi katika mwaka. Kwa mutu mwenye nafasi kidogo, miti miwili ya ndimu kati ya kumi ya machungwa inaweza kuleta feza katika miezi mikavu ambayo michungwa haina kitu.

Madoa meusi

Hili ndilo lalamiko linalosikika zaidi: matunda yanatokea vizuri, kisha yanajaa madoa meusi yaliyoinuka kama chunjua, mengine yanaanguka yakingali madogo, mengine yanakauka na kubaki yakining'inia ku tawi. Ku majani kuko madoa ya muviringo, katikati rangi ya majivu, pembeni duara ya manjano. Pengine ile sehemu ya katikati inaanguka na kuacha tundu.

Huo ni ugonjwa wa kuvu, wataalamu wanauita serkosporiozi. Ulielezwa mara ya kwanza katika Angola na Msumbiji mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha ukaenea katika sehemu kubwa ya Afrika yenye unyevu. Unapenda hali ya hewa kama ya kwetu: mvua nyingi, joto la wastani, ukungu wa asubui. Chungwa tamu, mandarina na pamplemusi vinashambuliwa sana. Ndimu inavumilia zaidi, na hiyo peke yake ni sababu ya kutoweka mayai yote katika kikapo kimoja.

Mbegu ndogo sana za ile kuvu zinatoka zaidi ku majani. Upepo unazibeba mbali, mvua inazirusha toka jani mpaka jani. Kwa hiyo mutu anayepiga dawa ku matunda peke yake huku majani magonjwa yamejaa chini ya muti, anatupa feza yake. Kazi ya kwanza ni ya mikono. Wakati wa kiangazi, okota matunda yote yaliyoanguka na yale yaliyokauka juu, kusanya majani, choma ao zika. Kata matawi makavu na yale yanayosongana katikati ya muti, ili upepo upite na jua iingie. Na kama michungwa imepandwa chini ya migomba mizito, ile kivuli inaweka unyevu ambao kuvu inatafuta: punguza migomba.

Kisha hapo dawa inaweza kusaidia. Ile ya bei ya chini ni ya Bordeaux, ambayo inatengenezwa kwa sulfati ya shaba na chokaa. Kwa pompi ya lita 15: gramu 150 za sulfati ya shaba na gramu 150 za chokaa iliyozimwa. Yeyusha sulfati katika ndoo ya plastiki (haiko ya chuma, sababu shaba inakula chuma), koroga chokaa katika ndoo ingine, mwanga ile ya shaba polepole ndani ya ile ya chokaa, chuja na kitambaa. Chovya musumari safi dakika moja: ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, ongeza chokaa, ama sivyo dawa itachoma majani. Tumia siku ileile. Piga wakati maua yanaanguka na matunda yangali madogo sana, sababu ndio wakati ugonjwa unaingia, kisha rudilia nyuma ya juma mbili ao tatu kama mvua inaendelea. Mutu afunike mudomo na macho, anawe kisha, na maji yanayobaki yasimwangwe mu muto ambamo watu wanachota.

Shida ni jirani. Upepo haujui mupaka wa parsele. Mutu mumoja akisafisha na wengine kumi wakiacha, atapata nafuu kidogo tu. Mu vijiji ambamo watu wanajua kufanya salongo kwa ajili ya barabara, salongo ya siku moja ya kusafisha michungwa mbele ya mvua ya kwanza ingefanya kazi kuliko pompi ya mutu mumoja.

Manjano ya njaa na manjano ya kifo

Ugonjwa ulio mubaya kuliko yote hauna dawa. Unaitwa griningi. Ni bakteria inayokaa ndani ya mishipa ya muti, na inapelekwa na kidudu kidogo kinachoruka. Watoto wa kile kidudu wanajibana chini ya majani machanga, kila mumoja anachimba kishimo chake, na juu ya jani kunatokea vinundu vingi kama ngozi ya chura. Aina ya Afrika ya ugonjwa huo inapenda milima yenye baridi. Katika joto kali la bonde inakosa nguvu. Inajulikana Burundi na Rwanda, na miche haiulizwe hati ku vijia vidogo vya mupaka.

Dalili: tawi moja linageuka manjano wakati yale mengine yangali kijani. Matunda yanabaki madogo, yanapinda upande, yanabaki kijani kwa chini, mbegu zake ni nyeusi na zimekufa, maji yake ni machungu.

Lakini haiko kila manjano ni griningi, na hapa watu wanakata miti bure. Muti wenye njaa ya mbolea, zaidi sana ya zinki, nao unakuwa na majani ya manjano. Kuko njia ya kalamu. Chukua jani, chora duara ndogo upande wa kushoto wa mushipa wa katikati, chora ingine palepale upande wa kuume. Kama rangi ndani ya zile duara mbili zinafanana, pengine ni njaa: leta mbolea ya ng'ombe iliyooza. Kama upande mumoja ni kijani na mwingine ni manjano, na majani mengi yako hivyo, ita agronomu mbele ya kuamua. Akihakikisha, muti ung'olewe na mizizi yake, hata kama ulipandwa na marehemu baba. Kuuacha ni kuchunga chanzo kitakachomaliza ile mingine yote.

Utomvu unaotoka chini ya shina, na ganda linalooza likinuka, ni jambo lingine. Hapo kosa mara nyingi ni la mwenye shamba: alipanda muche chini sana mpaka kovu la kugrefa likaingia mu udongo, ao alirundika majani na mavi ya ng'ombe mpaka ku shina, ao jembe lake lilikata ganda. Ondoa udongo, kwangua ganda lililokufa mpaka ufike penye uzima, pakaa ile dawa ya shaba na chokaa ikiwa nzito kama uji. Na mbolea ikae mbali na shina, chini ya kivuli cha matawi, sababu ndipo mizizi inayokula iko, karibu juujuu. Hiyo ndiyo sababu pia haifai kulima kwa jembe refu kati ya michungwa. Katika miaka ya kwanza maharagi, karanga ao soya zinafaa katikati. Mihogo na mahindi yanafunika na kunyang'anya.

Udongo ni wa nani?

Kwa kupanda muti, kipimo kinajulikana: shimo ya sentimita 60 kila upande, udongo wa juu kuchanganywa na mbolea iliyooza, mita 6 ao 7 kati ya muti na muti. Kwa mita 6, hektari moja inabeba miti karibu 277. Kigumu hakiko shimo. Kigumu ni kujua kama utaachiwa kuvuna.

Katika desturi za Bushi, mutu mwenye udongo kwa njia ya kalinzi anaweza kupanda kitu cha miaka mingi na kukiachia watoto wake. Mwenye bwasa, ambaye amepewa nafasi kwa muda, anaruhusiwa mimea ya musimu tu: maharagi, viazi, mihogo. Kupanda muti katika bwasa kunaonwa kama kutaka kunyang'anya shamba, na kesi nyingi zinaanzia hapo. Sehemu zingine za Kivu ziko na majina mengine lakini wazo ni lilelile: muti ni alama ya mwenyewe. Na sheria ya udongo ya mwaka wa 1973 inasema kwamba udongo ni wa Serkali, jambo ambalo halimalize ugomvi wa kijijini. Basi mutu anayekodi apate karatasi yenye kuandikwa, iseme wazi kwamba miti inaruhusiwa, kwa miaka mingapi, na ni nani atavuna mwenye shamba akifariki. Mashahidi watie sini, na chefu wa kijiji. Bora aonekane mwenye wasiwasi kuliko kupoteza miaka minne.

Shamba lililoachwa

Mamia ya maelfu ya watu katika majimbo yetu wamekimbia vita, wengine mara mbili, mara tatu. Mihogo inaibiwa, mbuzi zinaenda. Muchungwa unabaki pale, na anayerudi kisha mwaka mumoja ao miwili anakuta kichaka. Mbele ya kuingia, aulize kwanza kama mahali pale palikaguliwa, sababu katika sehemu za mapigano kunaweza kubaki vilipuzi mu majani.

Muti wenyewe, mara nyingi, haukufa. Muchungwa unaotunzwa unaweza kuzaa miaka 30 na zaidi. Kwanza fyeka majani na kata kamba zinazopanda juu yake. Tafuta ile mimea inayoota juu ya matawi na kunyonya muti, kata tawi pamoja nayo, chini kidogo ya mahali imeshika. Ondoa matawi yote makavu, kisha yale yanayopanda wima katikati, na vichipukizi vya chini ya kovu. Usitoe zaidi ya sehemu moja kwa tatu ya muti kwa mwaka mumoja. Matawi manene ambayo sasa yanaona jua pakaa chokaa nyeupe, ama ganda litapasuka. Mbolea ya beseni tatu ao ine mvua inapoanza. Mwaka wa kwanza muti utatoa majani tu, na mwenyewe atafikiri amefanya kazi ya bure. Maua yanarudi musimu unaofuata.